Masikio Yote Mawili

Saumu alikutana na nywele zake mwenyewe kwenye ubao wa matangazo wa chuo.

Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye basi la Kondoa, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, kapu begani, na ndani ya kapu mna kopo la asali lililofungwa mdomo kwa nailoni na kamba ya katani. Njia nzima kutoka Kolo, kijijini kwao, alikuwa akijichekea peke yake kama mwehu. Baba yake, mzee Ijengo, aliyekuwa amekataza jina la yule kijana Mkristo lisitajwe ndani ya ua wake, hatimaye alikubali kumwona Yotham. Ndoa hakuikubali. Alikubali kumwona tu.

"Ndoa za bomani ni mambo ya serikali," mzee alimwambia wakiwa wameketi kibarazani. "Mkuu wa wilaya hatawauliza dini. Mimi nitauliza jambo moja. Huyo kijana anakiheshimu hicho ulichojifunika kichwani?"

"Anakiheshimu, baba."

"Niapie."

Na Saumu alimwapia.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya ubao, na kutoka katikati ya safu za picha za vitambulisho vya mtihani, yeye mwenyewe alikuwa akijitazama. Kichwa wazi. Misuko imelowa maji, imelala shingoni, na masikio yote mawili nje. Halafu alikuwa anacheka! Anacheka kile kicheko ambacho mtu humchekea mtu mmoja tu duniani.

Wasichana waliokuwa wamejazana pale walinyamaza, wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

"Karibu, kiongozi," alisema Mwajabu, binti mdogo wa darasa la uhazili mwaka wa pili, ambaye mpaka wiki iliyopita alikuwa akimfuata Saumu kila aendako. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Karibu ututazame tulivyopendeza."

Hapo ndipo Saumu alipoziona na nyingine. Mwajabu kichwa wazi, macho chini. Hawa kichwa wazi. Zuhura kichwa wazi, mdomo umekunjamana, amepigwa picha huku akilia. Wote walikuwa wale aliowaacha wakiwa wamepeana mikono kwamba hakuna atakayevua ushungi kwa ajili ya picha ya kitambulisho.

"Mwajabu, hii picha sikuileta mimi."

"Imekuja yenyewe? Ina miguu?"

"Wallahi sikuileta."

"Usiape, dada. Mkuu alitwambia mwanzoni, nipeni mpaka Ijumaa niulize ngazi za juu. Si ndivyo? Alikuwa ameanza kulegea. Wewe ukaenda zako kwenu. Juzi akatuita ofisini, akaishika picha yako hivi, kwa vidole viwili. Akasema, kiongozi wenu kashavua, tena anacheka, ninyi mnamgomea nani? Tukasema si yeye. Tukaangalia. Meno yako. Kidoti chako cha shavuni. Tukaenda kupigwa picha." Sauti ilimkatika. "Na aliyetupiga picha ni huyo huyo mchumba wako. Anatwambia tabasamu kidogo."

"Nilitaka kuing'oa," Violeth alimnong'oneza. Violeth alikuwa akilala naye chumba kimoja, Mkristo wa Karagwe, mwepesi wa kucheka, ila leo hakuwa na kicheko. "Mlinzi akanifukuza."

Saumu alisogea ubaoni. Aliing'oa picha kwa kucha, pini ikaruka, akaitia kifuani. Mlinzi aliinuka kwenye kigoda chake, akamwona uso, akaketi tena.

Picha ile walikuwa wakiijua watu wawili tu.

Ilikuwa mvua ya Februari, ile inayoijia Dodoma kama ugomvi, bila salamu. Ilimkuta Saumu barabarani karibu na soko, akakimbilia studio ya Yotham, ushungi umelowa unachuruzika. Kulikuwa hakuna mteja. Aliingia nyuma ya pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, akauvua, akaukamua, na alipogeuka alimkuta Yotham amesimama na kamera, hathubutu kuinyanyua.

"Moja tu," Yotham aliomba. "Yangu peke yangu."

"Ya kwako mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayokuwa mke wangu. Siku hiyo nitakuwa nawe, sitaihitaji."

Alicheka. Kamera ikamdaka anacheka. Kisha Yotham akasema, kama wasemavyo wapigapicha wote, "Kesho nitakusafisha," akimaanisha picha, na Saumu akamjibu, "Kwani nilikuwa mchafu?" Wakacheka mpaka mvua ikakatika. Tangu siku ile neno hilo lilikuwa lao. Mmoja akikasirika kidogo, mwenzake humwuliza: kwani nilikuwa mchafu?

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa Chuo, bila hata kupangusa vumbi.

Bwana Batholomeo alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliochosha zaidi. Alimwonyesha kiti. Saumu akabaki amesimama.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti. Pole na safari. Nashukuru sana kwa busara yako. Picha imetoka vizuri, umependeza."

"Sikuileta mimi, Mkuu. Imeletwa bila ruhusa yangu."

"Imeletwa na mpigapicha wa chuo. Nikafikiri mmekubaliana." Alivua miwani. "Saumu, Jumatatu ni mtihani. Ofisi za serikali zinapunguza watu kila mwezi, na hayo makampuni mapya yanataka wenye vyeti. Unataka kurudi Kondoa kulima ufuta kwa sababu ya kitambaa? Serikali haina dini. Chuo ni cha serikali. Mimi kanuni inanitaka nione kichwa wazi na masikio yote mawili, basi."

"Na Sista Paulina?"

Mkuu alisita. Sista Paulina alikuwa mtawa, mwanafunzi kama wao, na picha yake ilikuwa pale pale ubaoni, veli nyeupe imeshuka hadi mabegani.

"Lile ni vazi la kazi yake."

"Na hili langu ni vazi la nini, Mkuu?"

"Usinibishie, binti."

"Sibishi. Nauliza. Masikio yangu mmeyataka mpaka mkayapata, yamekaa ubaoni siku mbili watu wanayatazama. Sasa mimi natafuta ya kwenu, niyaambie shida yangu, siyaoni."

"Toka nje," alisema Bwana Batholomeo, upole umemwishia.

Alitoka. Aliupita uwanja wa reli, akazipita nguo za mitumba zilizomwagwa juu ya maturubai na wauzaji wanaopiga kelele "chagua, chagua", na kila aliyemtazama, Saumu alihisi anazitazama nywele zake kupitia kwenye kitambaa. Alipofika mtaa wa nyuma ya soko ndipo alipogundua kwamba bado amelibeba kapu, na kopo la asali linampiga nyongani.

Yotham alikuwa kaunta, anakata picha kwa mkasi. Kijana mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi, na macho yale ambayo Saumu alikuwa hawezi kuyatazama kwa muda mrefu bila kusahau alichotaka kusema. Leo aliyatazama. Yotham aliinuka na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Saumu! Umerudi! Mzee amesemaje?"

Saumu alitoa ile picha kifuani, akaiweka juu ya kaunta. Uso wa Yotham ukafungika.

Kwenye benchi la wateja, chini ya kioo, alikuwa ameketi mwanamke wa makamo mwenye kitenge na kitambaa cheupe kichwani, kimefungwa vizuri hadi kwenye nyusi, kama wanavyofunga akina mama wa umoja wa kanisa. Miguuni mwake palikuwa na gunia dogo la karanga. Saumu alimjua kwa picha. Mama Loisi, mama yake Yotham, amekuja kutoka Mpwapwa.

"Shikamoo, mama," Saumu alisema, maana hasira haikuwa imemtoa adabu.

"Marahaba." Jicho la Mama Loisi lilipanda na kushuka juu ya ule ushungi, likatulia. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," alisema Yotham. "Saumu, tutoke kidogo nje tuzungumze."

"Nje kwa nini? Picha yangu imekaa nje siku mbili. Tuzungumze hapa hapa."

"Nisikilize kwanza."

"Uliniahidi nini siku ya mvua?"

"Saumu..."

"Uliniahidi nini, Yotham?"

Yotham aliuweka mkasi kaunta. "Kwamba itakuwa yangu peke yangu."

"Sasa imekuwa ya nani? Ya mlinzi? Ya wauza maandazi wa getini? Niambie, nijue wenzako ni kina nani."

"Niliogopa!" Yotham alipandisha sauti, halafu akaishusha. "Ulikuwa umeondoka. Mkuu aliniambia ambaye hana picha hana mtihani. Miaka miwili, Saumu! Nimekuona unavyosoma kwa mshumaa, vidole vimevimba kwa taipu. Nikasema yeye atakasirika siku mbili, lakini cheti atakuwa nacho maisha yake yote. Nilikuwa nakuokoa."

"Nani alikuomba?"

"Mtu akizama hangojwi mpaka aombe."

"Sikuwa nazama! Nilikuwa nimesimama! Mimi na wenzangu tulikuwa tumesimama, Mkuu ameshaanza kulegea, wewe ukaja ukanivuta miguu ukasema unaniokoa!"

Mama Loisi aliguna. "Binti, punguza sauti. Huyu ni mwanamume, na hapa ni dukani kwake. Mimi nilimwambia mapema. Nilimwambia, mwanangu, mabinti wamejaa kanisani kwetu, wanaimba, wanalima, unamwendea nini mtu wa dini nyingine, aliyejifungafunga namna hiyo? Nyumbani kwangu ataingiaje? Majirani watamsalimia nani, yeye au hilo shuka?"

"Mama, tafadhali," alisema Yotham.

"Si tafadhali. Kama kitambaa chake ni kikubwa kuliko mtihani, kitakuwa kikubwa kuliko mume."

Saumu alimgeukia taratibu. Alikuwa ameyatayarisha maneno ya kumwambia mama huyu siku watakayokutana, maneno matamu, ameyarudiarudia kwenye basi. Hayo hayakuja. Aligeuka tena kwa Yotham.

"Tenda ya picha za chuo ni ya nani?"

Yotham alianza kuzikusanya picha za kaunta.

"Nakuuliza. Mkuu alikwambia picha zisipokamilika wiki hii tenda anampa nani?"

"Mwingine," alisema Yotham kwa sauti ya chini. "Lakini haikuwa hiyo. Naapa haikuwa hiyo."

"Mimi pia niliapa. Juzi, mbele ya baba yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu, unaheshimu nilichovaa, nikamwapia kwamba unaheshimu. Nilikuwa naapa mimi kule, na picha yangu iko ubaoni huku!" Machozi yalimjia na akayakataa. "Sema kweli, Yotham. Usiniambie mtihani. Usiniambie tenda. Ulipokuwa unaipeleka, ulikuwa unafikiri nini?"

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake.

"Nilifikiri," alisema Yotham, na sauti ilikuwa ya mtu anayejisikia kwa mara ya kwanza, "nilifikiri ni kitambaa tu."

"Ahaa."

"Nilifikiri siku moja utakiacha. Kwamba tukishaoana bomani, tukikaa mjini, wewe mwenyewe utaona. Nilifikiri nimekuwahisha tu."

"Ni kitambaa tu." Saumu alitikisa kichwa. "Vizuri. Basi chukua kamera. Mpige mama yako."

"Nini?"

"Mama huyu hapa amekaa vizuri, na mwanga upo. Mwambie akivue chake. Kichwa wazi, masikio yote mawili. Halafu picha uipeleke Mpwapwa, uibandike mlangoni mwa kanisa Jumapili, wazee wa kanisa na wajukuu wapite waitazame. Ni kitambaa tu!"

Mkono wa Mama Loisi ulikwenda kichwani wenyewe. Haukungoja kutumwa. Ulikishika kitambaa cheupe hapo juu ya sikio, ukakibana, na ukabaki pale. Watu wote watatu waliutazama, hata mwenyewe.

Kisha Mama Loisi akasema, bila kumtazama mtu, "Baba yake huyu amekufa akiwa ameziona nywele zangu yeye na watoto wangu tu. Na hospitali."

Akamgeukia mwanawe.

"Yotham. Huyu binti alikupa picha ukae nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Akakwambia usimwonyeshe mtu?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mwizi," alisema Mama Loisi. "Nimekuja na karanga kumbe nimezaa mwizi." Alisimama, akarekebisha fundo la kitambaa nyuma ya shingo. "Nawe binti, usidhani nimekupenda. Simtaki mkwe wa dini nyingine, na hilo halijabadilika tangu nilipoingia humu. Lakini kichwa cha mwanamke si cha kubandika ubaoni. Mpe kitu chake."

"Kipi, mama?"

"Hicho mnachotengenezea picha. Mnanijua sijasoma, lakini sijapofuka. Mpe."

Yotham alifungua mtoto wa meza, akatoa negativu kutoka kwenye bahasha ndogo, akampa kwa mikono miwili. Saumu aliinyanyua dirishani. Ndani ya kile kipande cha plastiki kila kitu kilikuwa kimegeuka. Uso mweusi tii, na nywele nyeupe, nyeupe kabisa, kama za bibi yake wa Kolo. Alijiona mzee, anacheka. Kulikuwa na siku, si zamani, alipoomba azeeke mbele ya macho ya huyu huyu kijana. Moyo ulimgeuka, akauchukia kwa kugeuka.

Alichukua mkasi kaunta, akaikata katikati, akakata tena, mpaka vipande havikuweza kushikika.

"Kesho saa moja na nusu tunasimama mstarini," alisema. "Wenzangu wananiita msaliti. Mimi nikisema sikuileta hawaniamini. Wewe watakuamini. Ukija, umekuja. Usipokuja, baba yangu nitamwambia nilimwapia uongo, na wewe jina langu lisahau kabisa."

Alitoka. Alikuwa ameshafika kona ya soko alipokumbuka kwamba kapu la asali ameliacha kwenye benchi, karibu na gunia la karanga. Hakurudi.

Asubuhi alisimama mstari wa nyuma, Violeth pembeni yake amemshika kidole kimoja kama mtoto. Hakulala. Macho yake hayakutaka kutazama getini na yalitazama getini.

Bendera ilipandishwa. Wimbo ukaimbwa. Bwana Batholomeo akaanza kusoma matangazo ya mtihani, na ndipo Yotham alipoingia, amevaa koti lake la pekee, lile la harusi za watu. Mlinzi alimfuata nyuma akimwambia asubiri. Hakusubiri.

"Mkuu, naomba kusema neno."

"Kijana, hapa si studio. Ngoja ofisini."

"Picha ilibandikwa mbele ya wote, Mkuu. Na mimi naomba niseme mbele ya wote." Aliigeukia mistari ya wasichana. "Picha ya Saumu niliiiba. Alinipa nikae nayo, akaniamini, mimi nikaileta hapa hajui, yuko kwao Kondoa. Hakuvua kwa ajili ya kitambulisho chenu. Mwajabu, Zuhura, nyote mliovua, mlivua kwa sababu ya wizi wangu. Yeye hakuwageuka. Niliyewageuka ni mimi."

Minong'ono ikapanda kama upepo wa vumbi.

"Unajua unachokisema?" Mkuu aliuliza. "Tenda yako..."

"Najua, Mkuu."

Saumu alikuwa hajui amwangalie nani. Mwajabu alikuwa amegeuka mstari wa mbele, anamtafuta kwa macho, mdomo wazi. Na hapo mtu alitoka kwenye mstari, polepole, viatu vyake vyeusi vikilia kwenye changarawe. Sista Paulina alikwenda hadi kwenye ubao, akaitoa pini kwa uangalifu, akaishika picha yake, akairudisha pini mahali pake.

"Sista, unafanya nini?"

"Naiondoa yangu, Mkuu."

"Yako haina tatizo!"

"Ndiyo maana. Kama kichwa changu hakina tatizo, vya hawa vina tatizo gani? Na kama vina tatizo, na changu kinalo. Mimi nimejiwekea nadhiri, wao wanasali mara tano. Mtanikuta bwenini."

Bwana Batholomeo alipangusa miwani kwa tai yake. Alitazama wasichana waliokuwa wakitoka mstarini mmoja mmoja kwenda ubaoni, na Violeth miongoni mwao, Violeth ambaye hakuwahi kufunika kichwa maisha yake, anaing'oa ya kwake kwa fujo mpaka ikachanika.

"Leteni picha nyingine kabla ya saa kumi jioni," alisema hatimaye, kwa hasira ya mtu anayetaka ionekane ni amri. "Uso wote uonekane, kuanzia kidevu mpaka paji. Na wewe kijana, hizi za leo ndizo zako za mwisho hapa."

Kuhusu masikio hakusema kitu.

Wote walikwenda studio. Walijaa hadi barabarani, wanachekana, wanafungana mitandio, Sista Paulina anawatafutia pini. Mama Loisi alikuwa mlangoni anawagawia karanga bila kutabasamu. Kapu la Saumu lilikuwa pale pale kwenye benchi, na kopo limefunguliwa.

"Nimeionja asali yako," Mama Loisi alisema. "Ni nzuri. Sijabadilika."

"Sawa, mama."

"Ushungi wako umekaa upande. Ngoja." Akamnyoosha begani kwa mkono mgumu wa jembe, akageuka kwenye karanga zake.

Mwajabu alimkumbatia, akalia, akaingia, akatoka. Saumu aliingia wa mwisho. Aliketi kwenye kigoda mbele ya maporomoko ya maji ya kuchora, mikono magotini, na akaitazama kamera kama mtu anayetazama hakimu ambaye hamwogopi.

Yotham aliinama nyuma ya kamera. Akainua kichwa.

"Saumu."

"Piga. Hii ni picha tu. Usije ukadhani ni msamaha."

"Sidhani."

"Kolo utakwenda mwenyewe. Uliyoyasema mstarini utayasema kwa baba. Akikufukuza, umefukuzwa."

"Na asiponifukuza?"

"Piga picha, Yotham."

Alikaribia kusema tabasamu kidogo. Saumu aliyaona maneno yakimfika mdomoni, akamwona anayameza. Mwanga uliwaka. Hakutabasamu, na hakupepesa.

Alisimama, akajinyoosha gauni, akaelekea mlangoni.

"Itakuwa tayari saa tisa," alisema Yotham nyuma yake, taratibu, kwa mazoea ya kazi. "Nikishakusafisha."

Saumu alisimama. Mkono wake ulikuwa juu ya pazia. Aligeuka nusu, na Yotham akamtazama usoni, akatafuta kwenye macho, akatafuta kwenye pembe za mdomo, hakuweza kujua kama anachokiona pale ni kofi au ni mlango unaofunguliwa.

"Kwani," alisema Saumu, "nilikuwa mchafu?"